Mabati ya Makapi

Jeruto hakutaka kumwaibisha Zilpah mbele ya wateja, kwa hiyo alimwita nyuma ya duka, kwenye chumba wanakopikia kashata. Alichukua bonge moja la sukari nguru kutoka gunia la juu, akalivunja kwa ubapa wa panga, akampa Zilpah kipande na kumwambia anuse. Zilpah akanusa. Akanusa tena, akamtazama Jeruto usoni asijue anatakiwa aseme nini.

"Husikii?" Jeruto akauliza polepole.

"Nasikia sukari."

"Mama Tevin, hii inanuka tairi."

Msichana mmoja aliyekuwa akifunga kashata kwenye karatasi aliinua kichwa, na kabla hajaulizwa akakunja pua na kukubali. Hilo lilimchoma Zilpah kuliko maneno ya Jeruto. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameimalizia mbele ya makarai ya kuchemshia maji ya miwa. Alikuwa akijua sukari imeiva kwa kusikiliza mapovu tu. Leo msichana wa juzi anamfundisha harufu ya kitu alichokipika kwa mikono yake.

Jeruto alimweleza yote bila hasira. Duka moja la Kisumu lilikuwa limemrudishia kashata pakiti mia mbili, na mwenye duka alisema wateja wanalalamika kwamba zina ladha ya mpira uliochomwa. Jeruto akasema hatanunua tena mpaka sukari ibadilike, na hata akasaidia kuinua yale magunia sita kuyarudisha kwenye pikapu. Kisha akasimama mlangoni akijipangusa mikono, kama mtu aliyemaliza kazi asiyoipenda.

Zilpah alirudi Mayoni na mzigo wake wote. Njia nzima alikuwa akifungua kiganja na kukinusa kile kipande, mpaka kikayeyuka kikamgandisha vidole.

* * *

Kiwanda chao hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na kinu cha kukamulia miwa kinachozungushwa na injini ya dizeli, makarai matatu ya chuma, kila moja juu ya shimo lake la moto, na kibanda cha kumiminia sukari kwenye visanduku vya mbao. Kililisha watu kumi na mmoja pamoja na familia zao, bila kuhesabu wakulima walioleta miwa. Mume wake, Protus Wangila, alikianzisha baada ya kuacha udereva wa matrekta, na alipenda kuwaambia watu kwamba alianza na karai moja la kuazima.

Taabu ilikuwa mvua. Miwa ikishakamuliwa hubakia makapi, na makapi yakikauka ni kuni nzuri ajabu. Lakini Kakamega jua la asubuhi halimalizi siku. Saa tisa mvua inashuka, na makapi yaliyoanikwa uwanjani yanalowa upya. Protus akapata dawa yake. Alinunua matairi makuukuu kutoka kwa mafundi wa Mumias, yakakatwa vipande, na kila moto ulipolegea Mukhwana, mchochea moto, alitupia kipande kimoja. Moto uliruka. Moshi mweusi nao uliruka, ukatambaa juu ya mihindi ya watu, ukaingia majumbani. Maji ya kuoshea makarai yalifuata mfereji hadi kwenye kijito. Mambo yakaenda hivyo miaka saba.

Protus aliposikia habari za Jeruto alicheka kidogo. Alisema huyo anatafuta kushusha bei, wanunuzi wote ndivyo walivyo, na sukari itapelekwa Busia ambako watu hawanusinusi. Zilpah hakubishana naye. Siku mbili baadaye walifika maafisa wa mazingira wa kaunti, mwanamke mmoja na vijana wawili wenye chupa za kuchotea maji ya kijito.

Yule mwanamke alikuwa na adabu. Aliomba kukaa, akasoma barua ya malalamiko kwa sauti ili kila mtu asikie, kisha akabandika ilani kwenye nguzo ya kibanda. Kiwanda kimefungwa mpaka moshi na maji machafu vitatuliwe. Barua ilikuwa na majina arobaini na moja. La kwanza lilikuwa la jirani yao wa upande wa chini, mzee Shikanga, na mwenyewe alikuwa amesimama pale uani kwake akisikiliza, mikono nyuma, asijifiche.

"Jirani anikate miguu hivi?" Protus alisema, lakini kwa sauti ndogo, maana wafanyakazi walikuwa wakimwangalia.

Uwanjani kulikuwa na miwa tani kumi iliyokatwa juzi. Muwa ukishakatwa haungoji mtu, utamu wake hupungua kila siku. Kufikia asubuhi ya pili wakulima walianza kuja kuchukua yao wakaiuze kwingine kwa bei ya hasara. Musimbi, mjane aliyekuwa akiwaletea miwa tangu siku ya kwanza, alikuja na bodaboda mbili. Alifunga mafungu yake mwenyewe, akayahesabu, akaondoka. Siku zote akipita hapo alikuwa akitoa salamu ya mulembe na kuulizia watoto mmoja mmoja kwa jina. Siku hiyo aliangalia kamba zake tu.

* * *

Jioni Protus alikuwa na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa kumtafuta mtu wa kuzungumza na yule afisa kwa chai, na huo ulikufa upesi kwa sababu kila aliyempigia simu alimwambia mwanamke yule hanywi chai ya namna hiyo. Wa pili ulikuwa kuwasha moto giza likiingia na kuuzima kabla ya mapambazuko. Moshi wa gizani nani atauona, alisema.

Zilpah alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Baba Tevin, mimi sisikii harufu tena."

Protus hakumwelewa. Alidhani ni mafua.

"Si mafua. Jeruto alinipa sukari yangu ninuse nikasikia patupu. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta ya taa. Juzi maziwa yalichacha nikayatia kwenye chai yako, wewe ndiye uliyeyatema. Sijui ilianza lini."

Mumewe aliinuka. Akaingia stoo, akarudi na kidumu cha mafuta ya taa. Akakifungua na kumwekea puani, karibu kabisa, kama mtu anayemwekea mtoto kijiko. Zilpah akavuta pumzi. Macho yakamwasha kidogo, lakini puani hapakuja kitu. Akatikisa kichwa. Protus alijaribu tena na tundu lile lingine, akakifunga kidumu, akakizungusha kifuniko muda mrefu hata baada ya kukaza.

Protus alikaa kwenye benchi akiwa amekumbatia kile kidumu, na baadaye akauliza kama Mukhwana naye hasikii. Zilpah akamwambia Mukhwana anakohoa mpaka anashika ukuta, amekuwa akikohoa tangu mwaka juzi, na yeye Protus ndiye aliyekuwa akimtania kwamba amepata sauti ya besi ya kuimbia kwaya. Habari za kuwasha moto gizani hazikutajwa tena.

* * *

Kesho yake asubuhi Zilpah alijifunga leso na kushuka kwa mzee Shikanga. Hakumwambia mumewe. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye matanuri ya mvuke ya kiwanda kikubwa cha sukari kabla ya kustaafu, na watu wote wa Mayoni walijua kwamba akiona moto anaweza kukuambia unakosa nini. Alimkuta akinoa jembe. Alijibu salamu, akaendelea kunoa. Zilpah akabaki amesimama uani kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, kuku wakimzunguka miguu, mpaka makali ya jembe yakamridhisha mzee ndipo akamsogezea kigoda.

"Nilikujanga kwenu, mama," mzee alisema. "Miaka nane saa hii. Nilikuja na mchoro nyuma ya kalenda. Mume wako aliniuliza kama natafuta kazi ya kuchochea moto, na vijana wote wakacheka."

Zilpah alikumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa pale, na hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Akamwambia hivyo.

Shikanga alimwangalia, akaelekea kulainika. Alisema barua hakuiandika kwa chuki. Mke wake anatumia dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni, na siku moshi ukishuka anaitumia mara nne. Angefanya nini? Zilpah alisema tu kwamba amekuja kuomba ule mchoro.

Mzee aliingia ndani, akakaa sana. Mkewe, mama mwembamba mwenye kitambaa cha pamba kichwani, alitoka na kikombe cha uji akampa Zilpah kwa mikono miwili, na hapo ndipo Zilpah alipolia kidogo, akajifuta kwa pembe ya leso kabla Shikanga hajatokea na kalenda ya zamani iliyokunjwa mara nne.

Walipopanda pamoja kiwandani Protus aliwaona kwa mbali. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Hatimaye akatoa kofia na kumsalimu mzee, na mzee akaitikia, na hakuna aliyetaja barua wala kicheko. Shikanga alipiga magoti mbele ya shimo la moto la karai la kwanza, akaingiza mkono mpaka begani, akatoka na masizi.

"Huu moto wenu hauna njaa ya tairi," alisema. "Una njaa ya hewa. Halafu mnaulisha makapi mabichi."

Akawaonyesha. Mashimo matatu yavunjwe, lijengwe tanuri moja refu la matofali, moto uwashwe upande mmoja upite chini ya makarai yote matatu ukielekea kwenye dohani ndefu. Chini ya moto pawe na vyuma vyenye nafasi, hewa ipande. Maji ya kuoshea yachimbiwe mashimo mawili yatulie humo kabla ya kumwagiliwa shambani. Na makapi, hilo ndilo kubwa, makapi yapate nyumba. Banda refu, lililo wazi pande zote, lenye paa la mabati, yakae humo wiki tatu upepo ukipita. Yakikauka hivyo hawatahitaji kitu kingine cha kuchoma maisha yao yote.

Protus aliuliza mabati mangapi. Shikanga akahesabu kwa vidole, akasema yasipungue sitini.

Wote wakageuka kutazama upande mmoja. Nyuma ya kiwanda, juu ya kilima kidogo, ilisimama nyumba mpya ya Protus na Zilpah, kuta za matofali ya kuchoma na paa la mabati ya rangi ya damu ya mzee. Ilikuwa haijatiwa mlango wala dirisha. Walikuwa wameijenga miaka minne, kidogokidogo, mabati yamenunuliwa matano leo na manane mwezi ujao, na yalikuwa sitini na mawili.

* * *

Siku hiyo nzima Protus alizunguka ile nyumba. Zilpah alimwona akigusa kuta, akiingia chumba hiki akitokea kile. Alipomfuata alimkuta amesimama pale ambapo pangekuwa sebule.

"Makapi yalale kwenye mabati yangu," alisema, "na mimi nilale kwenye yale yanayovuja?"

Zilpah alisema ndiyo. Alisema nyumba isiyo na kiwanda watailipia umeme kwa pesa gani, na kiwanda kikirudi nyumba itarudi. Alisema pia kwamba yeye angependa kuishi humo akiwa anasikia harufu ya chakula anachokipika, lakini hilo huenda limepita, basi lisimpite Mukhwana na wale wengine. Alisema hayo bila kupaza sauti. Protus alimsikiliza akiwa ameangalia juu, kwenye mabati.

Asubuhi alikuwa juu ya paa mwenyewe, na nyundo ya kung'olea misumari. Hakumtuma mtu. Barabara ya kwenda sokoni ilipita chini ya kile kilima, kwa hiyo Mayoni yote ilimwona akishusha paa lake. Mmoja aliuliza kama nyumba imeuzwa. Mwingine, shemasi wa kanisa lao, alisimamisha baiskeli kabisa akasema pole kana kwamba kumefiwa. Protus alijibu kila mtu kwamba ameona paa limekaa mahali pasipofaa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu. Ilipofika saa nane mabati yote yalikuwa chini, na mvua ya saa tisa ikanyesha ndani ya sebule.

Ujenzi ulichukua wiki tano. Wafanyakazi walikuja bila kuitwa, wakabeba matofali na kukanda udongo, na Zilpah aliwapikia obusuma, ule ugali wa kwao, na mboga, mara moja moja na samaki. Hakukuwa na mshahara wa kuwapa na alilisema hilo wazi siku ya kwanza. Mukhwana akasema kukaa nyumbani nako hakuna mshahara. Shikanga aliwasimamia kama askari. Tofali likipinda hata kidogo alilitoa kwa mkono wake na kulirudisha kwa fundi.

Walipowasha kwa mara ya kwanza, uwanja ulijaa watu waliokuja kuangalia. Moshi mweupe ulitoka dohanini, mwingi, na wengine wakaanza kunung'unika. Shikanga akasema huo ni unyevu wa matofali, wangoje. Wakangoja. Nusu saa baadaye juu ya dohani palibaki mtetemeko wa hewa ya moto tu, na mtoto mmoja akauliza kama moto umezimika. Chini, moto ulikuwa ukinguruma chini ya makarai yote matatu. Sukari iliyokuwa ikichukua saa nne na nusu iliiva kwa saa tatu kasoro. Zilpah alisimama kwenye karai la mwisho akisikiliza mapovu, na yalipobadilika sauti aliinua mkono, wakamimina. Ilikuwa na rangi ya asali. Kabla ya hapo yake ilikuwa ikitoka nyeusi kama kahawa, na alikuwa amezoea kudhani ndivyo miwa ya huku ilivyo.

Afisa wa kaunti alirudi wiki hiyo. Alikagua mashimo ya maji, akapanda akashuka, akaomba kuonyeshwa banda la makapi, kisha akabandua ilani kwa ukucha wake mwenyewe.

* * *

Jeruto alikuja Mayoni mwenyewe baada ya Zilpah kumpigia simu. Alikuta bonge limewekwa kwenye sahani. Zilpah alimwambia avunje na anuse yeye, kwa sababu pua yake haifai kuaminiwa, kisha akasimama kando amebana pumzi, akimtazama mwanamke yule mdomo na pua kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Jeruto alinusa. Akaweka kipande ulimini. Akaomba kingine.

"Hii utaniletea magunia kumi kwa wiki," alisema. "Na bei tutaongeza."

Alifafanua sababu. Wenye maduka makubwa wa Kisumu na Eldoret siku hizi wanauliza kitu kimetengenezwaje, na yeye alitaka kuandika kwenye pakiti kwamba sukari yake imepikwa kwa makapi ya miwa yenyewe, bila kuni za msitu na bila tairi. Aliomba ruhusa ya kupiga picha tanuri. Protus akakimbia kubadilisha shati.

Tangu hapo ni mwaka mmoja na miezi kadhaa. Shilingi elfu saba zilizokuwa zikinunulia matairi kila wiki hazitoki tena, na kwa kuwa sukari inaiva upesi wanapika mara tatu kwa siku ambapo zamani walipika mara mbili. Majivu ya tairi yalikuwa yakitupwa shimoni, lakini haya ya makapi wakulima wanayachukua wenyewe kurudisha mashambani. Musimbi alirudi kwa ajili ya majivu kwanza, na miwa ikafuata. Siku aliyorudi aliulizia watoto wote wanne, mmoja mmoja. Mukhwana bado anakohoa asubuhi, si kama zamani, na mke wa Shikanga chupa moja ya dawa inamfikisha mwezi na zaidi. Pua ya Zilpah haijarudi. Daktari wa Kakamega alimwambia huenda ikarudi na huenda isirudi, naye ameamua kutoisubiri mlangoni. Nyumba ya kilimani ina mabati ishirini na matatu mapya upande wa vyumba vya kulala, na wamehamia huko, sebule ikiwa bado inatazama mbingu.

Mwezi uliopita walikuja wenye viwanda vitatu vya sukari nguru kutoka pembe nyingine za eneo lao la Matungu. Nao walikuwa wamepata ilani. Protus aliwapangia viti ndani ya banda la makapi, mahali palipo pakavu na penye upepo, akaanza kuwaeleza. Alieleza vizuri. Alieleza hewa inavyopanda, moto unavyopita chini ya makarai yote, hasara ya tairi na faida ya kutolihitaji, na kadiri alivyoeleza ndivyo neno "nikaona" na neno "nikaamua" yalivyozidi. Shikanga alikuwa ameketi nyuma kabisa kwenye gunia, akitafuna muwa.

Zilpah alikuwa kwenye karai la mwisho, hatua chache tu. Alisikia yote. Alikuwa karibu kucheka, na pia karibu kukasirika, mgeni mmoja alipouliza wazo hilo zuri alilitoa wapi.

Protus alifungua mdomo, akaufunga. Akageuka kumtafuta mzee kwa macho.

"Muulizeni huyu," akasema. "Aliniletea miaka mingi iliyopita, mimi nikamcheka mbele ya watu. Mzee, njoo ukae huku mbele."

Akamwachia kiti chake, akaenda kukaa kwenye gunia. Shikanga alichukua muda kuinuka, kwa sababu ya magoti, kisha akaja mbele akikung'uta makapi kwenye suruali. Wageni walisogeza viti. Zilpah angependa kusikia mzee ataanzia wapi, lakini mapovu yalikuwa yamebadilika sauti, akainua mkono kuwaita vijana waje wamimine.